Barua Ambayo Pranita Hakuiandika

Siku tatu mfululizo Apisai alimwita "Bi Narayan."

Alimwita hivyo mbele ya mafundi. Alimwita hivyo walipobaki wawili tu juu ya bweni lisilo na paa. Na asubuhi ya Ijumaa, alipompa mkono ashuke ngazi, alisema, "Taratibu, Bi Narayan," kwa sauti ile ile anayowatolea wakaguzi kutoka Suva, mji mkuu wa Fiji. Pranita aliushika mkono huo, akashuka, akauachia kama umemchoma.

Kiganja kilikuwa kile kile chenye sugu, kilichomfuta machozi miezi minne iliyopita kwenye stendi ya Lautoka, mji wa Pranita ng'ambo ya bahari, siku Apisai alipomwambia kwamba akija tena Savusavu atamsubiri gatini tangu alfajiri, hata mvua inyeshe mawe. Jumanne meli ilipofunga gatini hapakuwa na mvua yoyote. Palikuwa na jua kali, wapagazi, na wanawake waliokuja kupokea waume zao. Apisai hakuwepo. Pranita alikaa juu ya sanduku lake saa nzima, kisha akaita teksi.

Hakumuuliza. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na kiburi alichorithi kwa mama yake, na alijiambia kwamba mwanamume aliyekuacha gatini ndiye wa kueleza, si wewe wa kuuliza. Basi wakafanya kazi. Yeye ndiye aliyechora ramani ya bweni la wasichana lililoezuliwa na kimbunga, na Apisai ndiye fundi mkuu wa kulijenga upya. Kutwa nzima walisemezana urefu wa boriti na unene wa misumari, watu ambao kwa miaka miwili walikuwa wakiandikiana barua pepe ndefu za kila wiki, tena za mtu kusoma akiwa amefunga mlango.

Ijumaa saa saba mchana uvumilivu ukamwishia. Meli ya kurudi ilikuwa kesho yake asubuhi. Alichukua mkoba wenye kompyuta yake mpakato, akamfuata Apisai hadi kwenye mgahawa wa Litia, ule wa ghorofani unaotazama ghuba, akavuta kiti mbele yake bila kukaribishwa.

"Kiti kina mtu?"

"Unaona mtu?"

"Naona mtu mmoja anayejifanya hanijui."

Apisai aliendelea kumega muhogo wake. Alikuwa mwanamume mkubwa, mzito wa kusema, mwenye mvi za kwanza juu ya masikio. Mkewe Mereoni alifariki miaka mitano iliyopita, na tangu hapo watu wa Savusavu walimzoea akila peke yake kwenye meza ile ile.

"Nina nusu saa, Bi Narayan. Lori la mbao linakuja."

"Niite hivyo mara moja tena, nikumwagie hiyo chai."

Litia, mama mwenye mgahawa, alikuwa anafuta meza ya jirani. Akakohoa kidogo, akaondoka na kitambaa chake kwenda jikoni.

"Nimekukosea nini, Api?"

Apisai akainua uso. Tangu Jumanne alikuwa anamtazama begani, au kwenye karatasi aliyoishika. Sasa alimtazama machoni, na Pranita akaona kuwa macho yenyewe ni mekundu, ya mtu asiyepata usingizi.

"Uliniomba nisikuulize kitu," alisema. "Nimetii. Leo unanifuata mezani uniulize mimi?"

"Nilikuomba lini?"

"Usifanye hivyo, Prani."

"Nakuuliza, lini?"

Apisai akafuta vidole kwenye suruali, akatoa simu, akaitafuta barua, akaiweka simu mezani katikati ya sahani na kikombe. Hakuisukuma. Pranita akainama kusoma.

*Apisai, usinipokee gatini. Nimefikiri sana na nimeona mambo yetu yaishie hapa. Siwezi kuishi kwenye nyumba ambayo magauni ya marehemu mkeo bado yananing'inia kabatini. Nitalala kitanda cha nani? Nikifika tuzungumze kazi tu. Usiniulize kitu, utaniaibisha. Pranita.*

Aliisoma mara mbili. Anwani ilikuwa yake. Jina lilikuwa lake. Ilitumwa Jumatatu, saa kumi na moja jioni.

"Hii sikuandika mimi."

"Anwani ni yako."

"Jumatatu saa kumi na moja nilikuwa katikati ya bahari ya Koro, nimekumbatia ndoo, natapika. Mtandao ulikatika tangu tunaiacha Suva. Ningeandikaje?"

"Watu hupanga barua zitoke zenyewe."

"Mimi nikupangie barua? Mimi ambaye hata kukuambia nakupenda nilichukua mwaka mzima?"

Kidogo mdomo wa Apisai ulegee, lakini akaukaza. "Nilikujibu siku ile ile. Nikasema kama ndivyo, niambie ana kwa ana. Kimya. Juzi Jumatano nikaandika tena. Kimya. Nakuona pale juu unapima kuta kama hujapata kitu."

"Sijapata kitu. Anwani ile siifungui kwenye simu, Api, unajua. Ni ya barua zetu. Naifungua nyumbani, nikiwa nimetulia."

Chini ya dirisha mawimbi madogo yaligonga ukuta. Apisai alikizungusha kikombe chake mara moja, mara mbili.

"Haya," alisema mwishowe. "Tuseme ni mtu mwingine. Hilo la magauni kalitoa wapi? Walioingia chumba kile wanahesabika."

Pranita akaangalia pembeni, kwenye mkoba wake.

"Sijui," alisema.

Lilikuwa neno dogo, nalo lilimtoka kabla hajalipima. Papo hapo akatamani kulirudisha. Lakini Apisai alikuwa tayari ameanza kumwamini, ilionekana kwenye mabega yake yaliyoshuka, na Pranita hakuwa na moyo wa kuyainua tena. Ili asitazamwe usoni, akafungua mkoba.

"Nipe dakika tano. Kompyuta ya nyumbani haijazimwa. Naingia sasa hivi, nikuonyeshe nani kaandika na lini."

Kompyuta kubwa ya Pranita ilikaa sebuleni Lautoka, kwenye meza ya pembeni, chini ya picha ya marehemu baba yake yenye shada la maua. Programu ya kuchorea majengo ilikuwa nzito mno kwa hii ndogo ya kusafiria. Kwa hiyo kila aliposafiri aliiacha ile kubwa inawaka, akamkataza mama yake asithubutu kuizima hata kukiwa na radi, na popote alipokuwa, mradi kuna mtandao, aliingia kwa neno la siri akafanya kazi kana kwamba amekaa mbele yake. Kioo cha kule alikiona hapa. Kipanya cha hapa kilisogeza kishale cha kule. Nusu ya ramani za shule za kisiwa hiki alizimalizia hivyo, kwenye vibaraza vya watu na vyumba vya wageni.

Apisai alihamisha kiti akaja upande wake ili aone. Bega lake likagusa la Pranita. Lilinukia vumbi la mbao na sabuni ya bei rahisi, na Pranita, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, alifumba macho kidogo.

Alipoyafumbua, kioo cha nyumbani kilikuwa kimefunguka. Na kishale kilikuwa kinatembea.

"Unakipeleka wapi?" Apisai aliuliza.

"Sijashika kitu." Akainua mikono yote miwili juu ya meza. Kishale kikaendelea kusogea, polepole, kikitetemeka, kikapita kitufe kilichokuwa kinatafutwa, kikarudi, kikakipata. Kwenye orodha ya barua zile mbili za Apisai hazikuwepo. Ukurasa mweupe wa barua ukafunguka.

"Kuna mtu amekaa kwenye kiti changu," Pranita alisema.

Herufi zikaanza kutokea. Moja. Nyingine. Pengo refu. Nyingine.

*apisai nimepata barua zako mbili. usije lautoka. mwanangu hataki*

Hapo mwandishi akasita. Kisha neno *mwanangu* likaanza kuliwa kutoka nyuma, herufi baada ya herufi, na yale yaliyofuata pamoja nalo, hadi likaisha lote. Mahali pake pakaandikwa: *mimi sitaki*

"Ni mama yako," Apisai alinong'ona.

Pranita alikuwa anaona akilini kidole kimoja chembamba, chenye pete iliyobana, kikitafuta herufi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mama yake, Bimla Wati, mwaka jana, miezi mitatu ya kugombana na kucheka, ili mama aweze kumwona mjukuu wake wa Brisbane, Australia, kila Jumapili bila kusubiri kusaidiwa. Alimwandikia hatua zote kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Neno la siri alimwandikia pia.

Akanyoosha mkono kwenye kipanya. Apisai akaufunika kwa wake.

"Mwache amalize."

"Kwa nini?"

"Safari hii nataka kuona nitaachwa vipi."

Wakakaa hivyo, mkono juu ya mkono, wakisoma barua inayoandikwa kilomita mia mbili na zaidi kutoka pale walipokaa.

*tafuta mwanamke wa kwenu. kuna mtu wa mji wa Ba amekuja kuniposa ana duka. mama yangu amebaki peke yake. kaka yangu alisema anaenda australia mwaka mmoja huu ni wa saba. na mimi nikienda kisiwa cha pili nani atasikia mama akianguka bafuni*

Kidole kikatulia. Muda ukapita mrefu kiasi kwamba Litia alikuja, akaweka sahani ya roti, zile chapati nyembamba, akaondoka. Kisha maneno yakaanza kufutwa. Bafu likafutwa. Kaka akafutwa. Mama aliyebaki peke yake akafutwa. Kilichobaki ni mwanamke wa kwenu na mtu wa Ba mwenye duka.

"Alianguka?" Apisai aliuliza.

"Sijui." Safari hii ilikuwa kweli, na iliuma zaidi. "Hakuniambia."

Akautoa mkono wake chini ya ule wa Apisai, akashika kipanya, akakiondoa kishale kwenye kitufe cha kutuma. Kule Lautoka kishale kikavutwa kurudi. Akakiondoa tena. Kikarudi kwa hasira, kikazunguka zunguka kama nzi kwenye kioo. Mama alidhani mashine imeugua. Pranita akaandika chini ya barua ile, haraka:

*Mama, ni mimi.*

Kila kitu kikasimama.

*Ni Pranita. Usizime. Niko Savusavu, nimeingia kwenye kompyuta kwa mtandao kama ninavyofanya siku zote.*

Ilichukua muda herufi za kwanza kuja.

*unaniona*

*Sikuoni. Naona unachoandika.*

*tangu lini*

*Tangu mwanzo wa barua hii. Mama, ulianguka bafuni?*

*mwezi wa tatu. si kitu. mguu ulivimba*

*Uliniambia ulijigonga na ndoo.*

*ndoo ilikuwepo*

Apisai alitoa pumzi puani, karibu kicheko. Pranita hakucheka.

*uko peke yako,* mama aliandika.

Pranita akamtazama Apisai. Apisai akaitikia kwa kichwa, yaani mwambie.

*Niko na Apisai. Ameona yote.*

Kishale kikarudi nyuma, kikaenda mbele. Kisha:

*kwa hiyo mmeingia nyumbani kwangu bila kupiga hodi. nimekaa hapa na mafuta kichwani*

*Hakuoni, Mama. Na hii ni kompyuta yangu.*

*iko sebuleni kwangu. chini ya picha ya baba yako. na baba yako angekuwa hai watu wa kikundi chetu cha ibada wasingethubutu kuniuliza kila jumanne kama ni kweli mwanangu anaolewa na mfiji wa kijijini asiye mhindi mwenzetu*

*Si hao waliokufanya uandike.*

*wewe unajuaje*

*Nimeona ulichofuta.*

Pranita alijua afanyavyo mama yake akifika mahali hapo: hukunja ukingo wa nguo yake, akaukunjua, akatafuta neno la kurushia. Aliandika haraka, kabla halijapatikana:

*Umemwandikia uongo kwa jina langu, Mama. Umefuta barua zake. Nilikaa gatini nikamsubiri mtu uliyemwambia asije.*

Neno likapatikana.

*uongo upi. la magauni si ulilisema wewe. ulisimama jikoni unakanda unga unalia. ukasema mama nitalala kitanda cha nani. sikuongeza neno*

Pranita hakuthubutu kugeuza kichwa. Bega lililokuwa limemgusa halikumgusa tena.

Apisai alisimama taratibu, kama anavyosimama mtu mzima mahali penye mgonjwa. Akachukua kofia yake.

"Api."

"Ulisema hujui."

"Niliogopa."

"Mama yako kanidanganya akiwa Lautoka, hanijui, hajawahi hata kunipa maji." Hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali angepandisha. "Wewe umenidanganya umekaa hapa, umeniegemea bega."

Akashuka ngazi. Mbao zikalia chini ya viatu vyake, moja moja, hadi chini.

Kwenye kioo maneno yalikuwa yanaendelea kuja.

*pranita*

*pranita upo*

*ameondoka*

*Ameondoka,* Pranita aliandika.

Kishale kikapepesa mahali pamoja.

*sikutaka iwe hivi*

*Ulitaka iweje?*

*nilitaka usiende*

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, si ya hasira, maana hasira angeiweza. Alimwona mama yake vizuri kuliko ambavyo kioo chochote kingeonyesha: nywele zina mafuta, mguu mmoja juu ya kigoda, nyumba ya vyumba vinne na redio inayosema peke yake jikoni. Na alimwona vilevile akibofya, akifuta barua za Apisai moja baada ya nyingine.

*Nitafika Jumapili,* aliandika. *Tutazungumza tukiangaliana. Usiandike tena kwa jina langu.*

*utarudi kukaa au kuchukua nguo*

Aliitazama sentensi hiyo. Angeweza kumjibu la kumfurahisha, angeweza kumjibu la kumkata. Yote mawili yalikuwa tayari kwenye vidole.

*Sijui, Mama.*

Kabla hajatoka, kishale chake kilifika mahali pa kubadilishia neno la siri. Ilikuwa kazi ya kubofya mara mbili tu, na mama asingeweza tena kuandika barua kwa mtu yeyote duniani. Wala asingeweza, Jumapili, kumwona mjukuu wake akimwonyesha meno yaliyong'oka. Pranita alikaa pale na kidole juu ya kipanya. Kisha akafunga kompyuta bila kubadilisha kitu.

"Yuko kwenye ukuta wa bahari," Litia alisema kutoka mlango wa jikoni, asijifanye kwamba hakusikia. "Lori halijafika. Nenda, roti nitakufungia."

Apisai alikuwa amekaa juu ya ukuta, mgongo kwa barabara. Mbele yake maji yalikuwa yametandwa na mvuke wa chemchemi za moto, na mama mmoja alikuwa ameinama kati ya mawe akiangalia kama magimbi aliyoyachemsha humo yameiva. Pranita akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Sema," Apisai alisema bila kugeuka. "Uliyomwambia mama yako. Niambie mimi."

"Unayajua."

"Nimeyasoma kwake. Sijayasikia kwako."

Pranita akavuta pumzi. "Ile mara ya mwisho nilipokuja kwako na mafundi, mvua ikatunyeshea. Ukaniambia nichukue taulo kabatini. Nikafungua upande usio wenyewe. Nilihesabu magauni kumi na moja, Api. Yangekuwa yamesahauliwa, yana vumbi, nisingeumia. Yamepigwa pasi. Nikajiuliza nani anayapiga pasi, nikajijibu kwamba ni wewe, siku za mapumziko, ukiwa peke yako na yeye. Nikafunga kabati. Nikarudi mezani nikacheka na nyinyi."

"Ulirudi bila taulo."

"Ulikumbuka?"

"Nilikuona umelowa, nikashangaa." Akauondoa mkono wake magotini, akautazama. "Si mimi ninayepiga pasi."

"Nani?"

"Mama yake Mereoni. Alikuwa mtoto wake pekee. Kila mwezi anapanda basi kutoka kijijini, anayatoa, anayaanika uani, anayapiga pasi, anayarudisha. Tunakunywa chai. Anauliza kazi inaendaje. Anaondoka. Miaka mitano." "Niliwahi kuanza kumwambia. Alikuwa ameshika gauni moja la njano, ananionyesha mahali alipolishona. Nikamwuliza kama anataka sukari zaidi."

Kwa miezi minne Pranita alikuwa amemwonea wivu mwanamke aliye kaburini, kumbe aliyekuwa anashika pasi ni mama mwenye mikunjo mikononi, aliyepanda basi.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Ulisafiri siku mbili kurudi Lautoka ukamwuliza mama yako."

"Kwa sababu niliogopa utasema bado unampenda."

"Bado nampenda."

Alilisema wazi, na Pranita akalisikia likiingia hadi ndani. Ajabu ni kwamba halikumwua.

"Mimi nakupenda," alisema, "na naiogopa nyumba yako. Yote mawili ni kweli. Nilikudanganya pale juu kwa sababu nilikuona umeanza kuniamini, sikutaka kukupoteza mara mbili kwa siku moja. Hilo ndilo kosa langu. La barua si langu, lakini hilo ni langu."

Yule mama wa magimbi alitoboa moja kwa kijiti, hakuridhika, akalirudisha. Kutoka mbali, upande wa kilima, lori lilisikika likibadilisha gia.

"Mguu wake ulivimba kiasi gani?" Apisai aliuliza.

"Wa nani?"

"Mama yako."

"Nilimwona anachechemea wiki mbili. Nikamwambia atazame anapoweka ndoo." Pranita alijifuta uso kwa kiganja. "Nilimfokea, Api. Kwa ajili ya ndoo."

Apisai akatoa simu. Aliandika kwa vidole viwili vinene, akifuta, akirudia, uso umekunjamana kama anasoma kipimo kidogo kwenye mbao.

"Unamwandikia nani?"

"Aliyeniandikia. Kwa anwani ile ile." Akamsomea kwa sauti ya chini: "'Mama Bimla Wati. Ni Apisai. Barua zako mbili nimeziona, na maneno uliyoyafuta nimeyaona. Kesho napanda meli na Pranita. Jumapili nitapiga hodi mlangoni kwako. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini unifukuze ukiwa unaniangalia. Bafu lako nitalitazama hata ukinifukuza. Linahitaji chuma cha kushikia ukutani.'"

Akabonyeza, ikaondoka.

Pranita hakujua afanye nini na mikono yake. "Ina maana umenisamehe?"

"Bado." Akagusa kifua chake, mahali mfuko wa shati ulipo. "Ile 'sijui' yako iko hapa. Sijui itakaa siku ngapi. Lakini sitaki kuachwa kwa barua, wala sitaki kukusamehe kwa haraka ili tu tupande meli tunacheka. Twende hivi hivi."

"Mama atakutukana."

"Atanitukana kwa mdomo wake. Afadhali."

Lori likafika, likasimama juu ya barabara, dereva akapiga honi mara mbili. Apisai alimwashiria asubiri. Wote wawili walikuwa wanaitazama simu iliyolala kwenye ukuta, katika ile nafasi ya mtu mmoja. Dakika tano. Kumi. Dereva akazima injini, akashuka kununua sigara. Pranita aliwaza kidole kile chenye pete, na karatasi iliyobandikwa ukutani, na moyo wake ukamwambia kwamba mama amezima mashine, amefunika kitambaa, amekwenda kulala na mguu wake.

Simu ikatetemeka.

Apisai aliisoma kwanza. Hakubadilika uso. Akampa.

*nimesoma. mguu bado unanisumbua sipiki vitu vingi. njoo. lakini sijasema ndiyo. bimla wati*

Pranita alibaki kwenye maneno mawili ya mwisho. Mwanamke yule hakuwahi kuandika jina lake mwenyewe mahali popote kwenye kompyuta ile. Kila alipotaka jambo alilitaka kwa jina la Pranita, la kaka yake Pranita, la marehemu mumewe. Herufi ndogo zote, bila nukta mwisho. Lakini ni lake.

"Hajasema ndiyo," alisema.

Apisai akasimama, akavaa kofia, akachukua mkoba wa kompyuta akauning'iniza begani mwake.

"Hata mimi bado sijasema," alijibu.

"Najua," Pranita alisema, na akamfuata kwenda kwenye lori.